Chupa ya Mwasumini

Tangu biashara iwe ruksa, Kivinje kuna mama anayekuza maua ndani ya chupa. Hukata kichipukizi kwa wembe uliopita motoni, pumzi kaibana kama anayemtoa mtoto mwiba. Mzee Maftaha alimpelekea tawi la mwisho la mwasumini wa marehemu mkewe; mti wenyewe aliuua yeye, kwa maji ya kuoshea samaki, akidhani ni mbolea. Baada ya wiki kadhaa akapewa chupa yenye chipukizi la tawi lile.

"Usifungue, mzee. Hewa ikiingia, inaota ukungu."

Siku ya tatu bwana mkubwa akafungua, akainywesha maji. Ukungu ukajaa. Akairudisha, uongo tayari mdomoni. Kabla hajausema, mama alinawa spiriti kidole kwa kidole, akateremsha chupa nyingine.

"Hii niliibakiza, mzee. Nilijua utafungua."

"Basi ikae kwako, mwanangu. Hata hiyo nitaifungua."