Meza ya Kahawa ya Mwalimu Zebedayo

Kule Iyula, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kahawa ilipokwisha kumenywa, kuoshwa na kukauka, vijana wa mtaa mzima walikwenda kuichambua nyumbani kwa Mwalimu Zebedayo. Shamba lake halikuwa kubwa. Ila meza yake ya kuanikia, aliyoiunda mwenyewe kwa mianzi, ilikuwa ndefu kuliko zote, na majirani waliona afadhali kuleta kahawa yao hapo kuliko kuinama juu ya majamvi. Walipoileta, watoto wao wakaja nayo.

Alifundisha shule ya misheni, madarasa ya chini. Alikuwa mtu mpole mwenye koti moja la heshima, na mkewe Loisi alihakikisha koti hilo halionekani hadharani bila kupigwa pasi. Darasani alifundisha kusoma na kuhesabu. Mezani alifundisha jambo jingine, ingawa mwenyewe hakuliita fundisho. Aliona kwamba mikono ya vijana ilikuwa na kazi na midomo yao haina, basi akawa anawapa swali.

Wasichana walisimama upande mmoja wa meza na wavulana upande wa pili, kama walivyozoea kuketi kanisani. Mwalimu aliuliza, kwa mfano, kama ni haki mtoto wa kiume apelekwe shule na dada yake abaki kufukuza ndege shambani. Upande mmoja ukatetea, mwingine ukapinga, huku punje mbovu zikitupwa chini. Mabishano yalipopamba moto, alipiga makofi na kusema, "Zungukeni!" Hapo wote waliizunguka meza, wavulana wakahamia walikokuwa wasichana, na kila upande ukalazimika kuyatetea maneno uliyokuwa ukiyapinga.

"Mwalimu, mimi siwezi," Timotheo alilalamika mara ya kwanza. Alikuwa kijana wa maneno mengi. "Nimeshasema wasichana hawana kichwa cha hesabu. Sasa nijijibu mwenyewe?"

"Jijibu."

"Nitajishinda!"

"Haitakuwa kazi ngumu," msichana mmoja alisema, na meza nzima ikatikisika kwa kicheko.

Tangu siku hiyo Timotheo alichagua maneno yake, kwa kuwa alijua punde atayakuta upande wa pili yakimngoja.

Habari zikafika kwa wazee. Ikasemwa kwamba mwalimu anawafundisha watoto kuwapima wazazi wao kama wanavyopima kahawa. Aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito zaidi ni mzee Barnaba, mtu ambaye wengine hawakutoa neno kabla hajatoa lake. Akisema meza ifungwe, hakuna mzazi wa Iyula ambaye angemruhusu mwanawe kurudi pale. Zebedayo alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo Barnaba alipotuma salamu kwamba Jumamosi atakuja kusikiliza kwa masikio yake, nyumba ile ilifagiliwa mara mbili.

Kulikuwa na jambo moja la kuangalia. Miongoni mwa wasichana alikuwapo Jenista, aliyeolewa karibuni na Lusubilo, mwana wa Barnaba. Kwa desturi ya pale, mke wa mtoto hatazamani uso kwa uso na baba mkwe, wala hamsemeshi. Zebedayo aliliwaza hilo mapema. Kigoda cha mgeni alikiweka nyuma ya wasichana, ili Jenista ampe mkwewe mgongo na kila mtu akae kwa amani. Barnaba alipofika alikitazama kigoda, akaona hekima yake, akaketi.

Swali la siku hiyo lilikuwa hili: mke anayepalilia kahawa, je, ana sauti juu ya mavuno yake? Wasichana walitetea kwamba anayo, na Jenista alisema vizuri kuliko wote, kwa sauti ya chini lakini bila kusita. Barnaba aliegemea mbele kusikia. Zebedayo alimwona akiegemea, na moyo wake ukajaa furaha hata akajisahau. Akapiga makofi.

"Zungukeni!"

Wasichana wakazunguka. Jenista akazunguka nao, akainua macho, na mbele yake, ng'ambo ya meza, alikuwa ameketi baba mkwe.

Ungo ulimtoka mikononi. Kahawa ikatapakaa ardhini. Alijifunika uso kwa kanga akakimbia, na wengine wote wakabaki wamesimama kama waliomwagiwa maji.

Barnaba hakupaza sauti. Aliinuka, akajikung'uta vumbi. "Mwalimu," alisema, "umenipokea, ukanikalisha, kisha ukanivua nguo mbele ya watoto. Meza hii isikusanye mtu mpaka nitakapokuita."

Jioni ile Zebedayo alianza kumweleza mkewe jinsi kigoda kilivyokuwa, na jinsi nia ilivyokuwa njema. Loisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usiende kwake na maelezo," alisema. "Nenda na radhi. Jina la nyumba hii halijawahi kupelekwa barazani, na halitaanza na sisi."

Alikwenda na Nikodemo, mzee wa kanisa, wakichukua jembe jipya kama ilivyompasa mtu aliyevunja mwiko wa wakwe. Barnaba alilipokea. Lakini uani kwake walikuwapo tayari vijana wote wa mezani. Barnaba ndiye aliyewaita.

"Jembe ni zuri," alisema. "Ila wewe unawazungusha watoto wetu. Leo zunguka wewe. Simama hapa uwe Barnaba, tusikie."

Timotheo alianza kucheka, akaona uso wa mzee, akaugeuza mcheko kuwa kikohozi.

Zebedayo alisimama. "Mimi Barnaba," alianza. "Nilikuja kusikiliza, sikuja kugombana. Mwenyeji alinionyesha pa kukaa, nikamwamini. Nilipokuwa naanza kupenda maneno ya mtoto wangu, yeye akanigeuza kuwa kitu cha kukimbiwa. Hata nikimsamehe, yule mtoto atanipitia wapi kesho?"

Barnaba aliitikia kwa kichwa polepole. "Ndivyo hasa. Sina la kuongeza. Kwa hiyo meza..."

"Mama!"

Sauti ilitoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo. Ilikuwa ya Jenista, akimwita mama mkwe wake, ambaye desturi ilimruhusu kusema naye. "Mama, naomba uulize huko nje. Upande wangu ameusema nani?"

Mama Lusubilo, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi, alimtazama mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie aseme."

"Mama, kila mtu anasema aibu ya baba. Aliyekimbia ni mimi. Mwalimu hakuniuliza kama naweza kuzunguka. Na leo hamjaniuliza kama nataka meza ifungwe. Sitaki. Nilikuwa sijamaliza kusema."

Zebedayo aliinamisha kichwa. Mengi aliyokuwa amewaza usiku kuhusu kigoda, mgeni na heshima hayakuwa na huyu msichana ndani yake.

Barnaba alikuna kidevu. "Mwulize, amebakiza nini?"

"Mama, nilibakiza kwamba wewe umepalilia kahawa ya nyumba hii tangu hajazaliwa Lusubilo, na hujawahi kuulizwa fedha yake inunue nini."

"Hilo hata mimi nalijua," Mama Lusubilo alisema, bila kungoja kutumwa.

Vijana walishindwa kujizuia. Barnaba mwenyewe alijaribu kukunja uso, kicheko kikamponyoka puani. "Basi, basi. Mwambieni Jumamosi jamvi litundikwe mbele ya kigoda changu. Nitasikia, sitaona. Na wewe, mwalimu, kabla ya kuzungusha watu, uliza kwanza nani hawezi."

Mwalimu aliuliza hivyo miaka yote iliyofuata, mpaka mianzi ya meza ile ilipobadilishwa na kubadilishwa tena. Wengi waliosimama pale walikuja kuwa watu wa kutegemewa, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kwa Zebedayo alijifunza utovu wa adabu. Kila sikukuu ya mavuno, akishamaliza kuwataja watoto wake katika sala, alimshukuru Mungu kwa ajili ya mzee Barnaba, aliyekasirika bila kufunga masikio.

Lakini siku ile, kabla ya kuondoka, alivua kofia akauelekea ukuta wa jikoni.

"Mama Lusubilo," alisema, "mwambie mwanao namwomba radhi. Na namshukuru."

Ndani, vyungu viligongana kidogo.

"Mama, mwambie nimepokea. Na ile kahawa niliyoimwaga, aniachie, nitaiokota mwenyewe."