Mkono Ulionipa Spana Njia ya Hombolo

Usiniambie nilikuwa nimelewa, pombe mimi siijui. Jambo hili limenipata mwenyewe, saa tisa mchana, jua linawaka, na nusura nife.

Mimi ni fundi magari, nipo Chang'ombe. Mzee mmoja alinipigia simu kwamba pikapu yake imegoma njia ya Hombolo. Nikapanda bodaboda. Nikamkuta mteremkoni, peke yake, kakaa kwenye usukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Stata inalia tu, injini haigeuki."

Betri ilikuwa nzima. Stata ilizunguka, ila meno yake hayakuishika injini. Nikaingia chini kwa ubavuni, miguu ikabaki nje nyuma ya tairi la mbele, nikaifungua. Kidude cha meno kilikuwa kimeganda kwa vumbi na grisi. Nikakisafisha kwa petroli mpaka kikateleza, nikaanza kuirudishia stata.

Sisi mafundi tukiwa chini hatuangalii, tunanyoosha mkono tu.

"Kumi na nne!" nikasema.

Spana ikawekwa kiganjani. Vidole vilivyonipa vilikuwa vya baridi mno. Nikajisemea mzee huyu damu yake haba. Ningejua!

Nikakaza bolti. "Washa!"

Nilibaki chini nione meno yanavyoshika. Hapo hapo mkono ule ule wa baridi ukanidaka kifundo cha mguu, ukaniburuta nje kama gunia. Niamini, pikapu iliruka kinyumenyume, tairi likapita pale pale kilipokuwa kiuno changu.

Nikainuka. Nje hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa ndani, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Nani kanivuta?"

"Mwanangu, mimi sijashuka tangu ufike."

Nikachungulia gia. Ilikuwa kwenye rivasi. Handibreki yake haishiki, kwa hiyo akisimama mteremkoni huliacha gari kwenye gia. Stata ilipokuwa mbovu, gia ile haikuwa na madhara. Nilipoitengeneza ndipo gari likawa la kuua.

Mzee akaanza kulia. "Hata yule fundi wa mwaka juzi nilimsahaulia hivi hivi. Gari hili hili. Yeye hakutoka."

Niliondoka kwa miguu, vifaa nikaviacha pale pale. Tangu siku hiyo siingii chini ya gari la mtu, na wateja wamenikimbia. Lakini unadhani kinachonitesa ni mkono ule? Hapana. Ni aibu. Miaka yote hii ya ufundi, na gia sikuikagua.

Wewe unayekaa kwenye usukani fundi akiwa chini, toa gia kwanza, na wewe fundi uikague mwenyewe. Mwenzangu yule alikosea kama nilivyokosea mimi, ila yeye hakuwa na wa kumvuta.