Jumapili Tano Nilizonyamaza

Siku ile niliyomficha Bibi yangu naikumbuka, mwanangu, hadi nguo aliyovaa. Alijifunga kanga nyekundu na nyeusi, ile aliyoitunza kwa siku za heshima, kwa sababu alidhani anakwenda Naviundu kumwona mgonjwa. Mgonjwa hakuwapo. Mimi ndiye niliyemtunga.

Ulikuja juzi kutoka Kasapa na karatasi zako za chuo, ukaniomba majina ya ukoo wetu, nani kamzaa nani na kila mmoja alitokea wapi. Majina nitakupa yote. Lakini ukiyaandika bila kujua yalivyopatikana utakuwa umeandika nusu tu, kwa hiyo kaa kwanza, nikueleze aibu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tuliishi cité, upande wa mji waliotengewa watu weusi, katika mtaa ambao leo mnauita Kamalondo, mji ukiitwa bado Élisabethville. Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu. Kulikuwa na baba yangu Yohana, fundi katika karakana ya reli, na Bibi, mama yake, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa sijaota meno, na mimi Debora. Majirani zetu walikuwa Wakatoliki karibu wote, watu wa kaskazini ya Katanga walioletwa na migodi. Sisi tulikuwa Marafiki. Hao ni Wakristo wanaoabudu kwa kukaa kimya. Hawana padri wala altare, na mtu hasemi neno mpaka moyo umsukume. Kila Jumapili asubuhi tulikaa watatu kwenye viti vyetu, mlango wazi, bila wimbo wala kengele. Majirani wakipita kutoka misa walichungulia na kuuliza, “Leo munalilia nani?” Baba alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Dini hiyo Bibi aliipata Pemba, mbali huko baharini. Alifikishwa kule akiwa mtoto wa miaka minane hivi, ametekwa na kuuzwa. Bwana aliyemnunua alimpa jina Faida. Fikiria, mwanangu, mtoto kuitwa Faida na mtu aliyemnunua! Utumwa ulipokomeshwa, Marafiki walikuwa na shamba la karafuu pale, wakawapokea walioachwa huru, wakawafundisha kusoma na kushona. Watu hao walipenda sana kuandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Wakampa Bibi daftari lake mwenyewe. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi: “Faida, mwanamke, asili haijulikani.”

Lakini Bibi hakuwa amesahau yote. Alikumbuka kwamba jina lake la kuzaliwa ni Kabange, na kwamba alikuwa pacha. Mwenzake aliitwa Kyungu. Alikumbuka mto wao, Kamwenze. Asubuhi aliyokamatwa, Kyungu alikuwa na homa, amebaki ndani, na yeye akaenda kuteka maji peke yake. Kingine alichokumbuka ni njia. “Walitupeleka tukitazama jua la asubuhi usoni, siku zote,” aliniambia. “Nikasema moyoni, siku nitakayokuwa huru nitalipa jua hilo mgongo, nami nitafika.”

Akalipa mgongo kweli. Mumewe alipofariki alimchukua Yohana wakavuka hadi bara. Wakakaa Morogoro, kisha Tabora, kisha Kigoma, reli ikisogea magharibi nao wakisogea. Baba alidhani wanafuata kazi yake. Kule Kigoma alipata nafasi nzuri ya kurudi pwani, na Bibi akamwambia, “Rudi wewe. Mimi navuka ziwa.” Hapo ndipo baba alipoelewa. Wakavuka hadi Albertville, baba akaoa pale, na mwishowe wakateremka Élisabethville. Siku ya kwanza sokoni Bibi alimsikia mwanamke muuza samaki akimshukuru mwenzake, “Wafwako.” Alisimama pale na kikapu chake, machozi yakimtoka. Alikuwa hajalisikia neno hilo tangu utoto. Kuanzia siku hiyo alikataa kuhama tena, akawa anauliza kila mtu anayesema Kiluba kama anaijua Kamwenze. Wapo waliosema hawaijui. Wengine walimcheka.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliochoka kumsikia. Shuleni wasichana walikicheka Kiswahili chetu, wakisema ni cha Bangwana, yaani watu wa pwani, na siku moja tulipogombana, mmoja akanitupia neno “mutumwa” mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo nilianza kutembea hatua kadhaa mbele ya Bibi barabarani, nisionekane naye. Alijua. Hakuwahi kunisema.

Kisha akaja Placide. Huyo ni babu yako, ambaye hukumkuta. Alikuwa kijana wa mgodini Kipushi, mpole, mwenye kucheka polepole. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na mkubwa wake alikuwa shangazi yake, Tante Ngoie, aliyekuwa akiishi kijijini, mbali kaskazini kupita Bukama. Tante akapanda treni aje kututazama. Ilipangwa Jumapili mchana. Nami nikafikiri: huyu mama atauliza kwetu ni wapi, na Bibi atafungua mdomo aeleze habari za kamba na masoko ya watu, na mimi nitakuwa mjukuu wa mtumwa mbele ya mume wangu. Ndipo nikamtunga mgonjwa wa Naviundu. Baba aliitwa kazini asubuhi hiyo, ingawa ilikuwa Jumapili, akarudi wageni wakiwa wameshakaa, akaniuliza mama yake yuko wapi. Nikasema ameitwa. Akanitazama, lakini wageni hawangojei.

Tante Ngoie alikuwa mama mfupi, mwenye maneno mengi. Alikula bukari yangu, yaani ugali, akaisifu. Kisha, kama nilivyoogopa, akauliza juu ya ukoo. Baba, mtu wa kweli daima, alianza, “Mama yangu alitoka…” nami nikadondosha sufuria ya mchuzi makusudi. Tukapangusa, tukacheka, na mazungumzo yakageuka. Tante akaanza kutusimulia habari za kwao ili kuniondolea haya. Baba alikuwa ametoka uani kutafuta kitambaa kingine.

“Kwetu kule Kamwenze,” akasema, “iko mama moja muzee sana, Kyungu. Alizaliwaka mapacha. Kabange wake, balimubeba bantu ba biashara, akingali mutoto. Mpaka leo, mama ule akikula, anatenga ya Kabange ku bakuli ya kando. Kila siku! Tunamuambia, ‘Mama, ule alikufaka zamani.’ Anakataa. Anasema, ‘Angekufa, ningesikia mu mwili yangu.’”

Mwanangu, nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi. Nilisikia damu ikinipanda masikioni. Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema, “Tante, huyo Kabange amevaa kanga nyekundu, yuko Naviundu, atarudi kabla ya saa kumi.” Placide aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema, “Hapana, ni joto.” Baba aliporudi na kitambaa chake, Tante alikuwa ameshaanza habari za mihogo.

Waliondoka. Bibi akarudi jua lingali juu, amechoka, vumbi hadi magotini. Hakuniuliza juu ya mgonjwa, nikajua ameshaelewa. Aliketi, akavua viatu, akauliza, “Walikuwa watu wema?”

“Wema, Bibi.”

“Wanatoka wapi?”

“Kipushi,” nikasema.

Tante akapanda treni kurudi kwao Jumanne. Placide alikuja kunieleza kwamba amenipenda, na mimi nikatabasamu kama mtu aliyepata alichotaka. Lakini chakula kilikuwa hakipiti. Kila nilipompakulia Bibi sahani yake niliona lile bakuli la kando. Ikapita Jumapili ya kwanza tukikaa kimya, ya pili, ya tatu. Ukimya ule niliokuwa nikiuonea aibu ndio ukawa mateso yangu, maana katika ukimya hakuna pa kukimbilia. Unabaki na ulichofanya. Jumapili ya nne nilifungua mdomo nikaufunga. Jumapili ya tano nilisimama, nikasema yote: mgonjwa wa uongo, sufuria, Kyungu, bakuli. Nikasema nilivyosikia na kunyamaza.

Baba alifunika uso kwa mikono. Bibi hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, akauliza neno moja tu.

“Yuko hai?”

“Yuko hai, Bibi.”

Akainuka, akaingia chumbani, tukamsikia akikunja nguo zake.

Jioni hiyo nilimwendea Placide, nikamweleza kila kitu, hata neno mutumwa. Nilitegemea ataniacha. Alikwaruza ardhi kwa kijiti. “Tante atakasirika,” akasema. “Lakini atakasirika juu ya kunyamaza. Utumwa, ile haikukuwa kosa yenu.” Kumbe mwaka mzima nilikuwa nikijilinda na kitu ambacho hakikuwapo.

Siku hizo mtu mweusi hakusafiri anavyotaka. Ilibidi baba aombe ruhusa kazini, kisha karatasi ya safari ofisini, na karani akasema rudi kesho, rudi Ijumaa. Zikapita wiki tatu. Bibi alikaa mlangoni na kifurushi chake tangu asubuhi, kila siku, kama mtu anayengoja treni pale pale nyumbani. Tulipopata ruhusa tuliondoka wanne: Bibi, baba, Placide na mimi. Treni hadi Bukama, halafu siku mbili kwa miguu, Bibi akibebwa kwenye kiti cha miti. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Tulipoufikia mto aliomba ashushwe. Akaingia majini hadi vifundoni, akasimama. 

Pale kijijini mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akianika mihogo. Aliinua kichwa, akamwona Bibi, akapiga ukelele na kuangusha ungo. Alikuwa Mama Umba, binti wa Kyungu. Alikuwa amemwona mama yake akitembea, na mama yake alikuwa kaburini.

Siku tisa, mwanangu. Kyungu alizikwa siku tisa kabla hatujafika. Hesabu mwenyewe Jumapili nilizonyamaza, kuanzia ile ya wageni.

Tante Ngoie alitoka nyumbani kwake mbio. Alipojua nilikuwa nimesikia siku ile, alinishika mabega. “We mutoto! Ningemupeleka mi mwenyewe! Ku treni moja!” Kisha akalia, akanikumbatia, na kunikumbatia kwake kuliniumiza kuliko kama angenipiga. Watu walikuja kumgusa Bibi uso, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa watoto. Hakukielewa Kiluba tena, Tante alitafsiri. Aliomba aonyeshwe mahali Kyungu alipokuwa akiketi. Wakamwonyesha mkeka kando ya ukuta. Akaketi hapo.

Mchana Mama Umba alipika. Akaleta bakuli dogo la mti, lililochakaa ukingoni, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti. Tante akatafsiri, “Anasema, mama alimuachia kazi ya kutenga. Tangu mazishi anatenga bado. Anasema, ‘Kula, Mama Kabange, njo yako.’”

Bibi alilipokea. Alikula yote, taratibu, mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Kisha akasema lile neno alilolisikia sokoni, “Wafwako,” na kijiji kizima kikaangua kilio.

Siku iliyofuata Mama Umba alinihesabia majina, na mimi nikayaandika kwenye daftari la Pemba, Tante akinisaidia matamshi. Mama yake Bibi, baba yake, na wazee watano juu yao. Yale maneno “asili haijulikani” niliyakata kwa mstari mmoja. Hayo ndiyo majina nitakayokupa.

Bibi hakurudi nasi. Baba alimsihi, akamjibu, “Yohana, mimi nimefika. Wewe una kazi yako.” Mimi aliniita mwisho. Nilianguka miguuni pake. Aliniinua kidevu. “Ulichelewa, Debora, lakini ulisema,” akaniambia. “Wangapi wamekufa na neno lao moyoni?” Alinisamehe pale pale, na aliishi mkekani pale kwa miaka miwili. Lakini msamaha haukunirudishia kitu nilichotamani maisha yangu yote: kuwaona wale wanawake wawili wameketi pamoja, sura moja mara mbili. Nimezeeka nikijaribu kuiona picha hiyo. Haiji. Hakuna aliyewahi kuiona, na ni mimi niliyeizuia.

Sasa sikia ninachotaka kwako. Mzee wako akiwa na historia unayoionea haya, usitembee mbele yake barabarani. Tembea naye, mwulize, na umwulize leo, akiwa bado anajibu kwa mdomo wake. Na ukiwa umebeba habari ambayo mtu mwingine anaililia, elewa kwamba si yako hiyo. Huna haki ya kukaa nayo hata Jumapili moja, hata kama kuitoa kutakuharibia arusi. Watu wanaokupenda watastahimili ukweli kuliko unavyodhani. Usiyemwambia ndiye unayemnyima, na siku haziongezwi kwa ajili ya woga wako.

Haya, chukua kalamu, tuanze na mama yake Kyungu na Kabange. Mungu akupe masikio ya kusikiliza na ulimi usiochelewa. Wote uliotokana nao wakutambue popote utakapofika, na wewe uwatambue, na mkutane mkiwa hai.