Spika ya Baba Mdogo

Baba mdogo akinadi mashuka sokoni Bariadi, ng'ombe wa Kimali, kule Meatu, walikuwa wanageuza masikio. Natia chumvi, ila kidogo tu. Hata shule yangu ya jioni ililipiwa na koo lile.

Asubuhi moja tajiri wake, mwenye meza, alikuja na simu. "Mzee, nadi hapa nikurekodi. Siku ukishikwa na mafua, spika itakusaidia."

Baba mdogo akafurahi kama bwana harusi. Akasafisha koo. "Shika mwenyewe, mama! Shuka zito hili, ukililalia unaota umekuwa mbunge!" Katikati akapita bibi mmoja na ungo kichwani. Kwetu Usukumani mtu mzima hapiti hivihivi bila salamu, hata kama unarekodiwa. "Mwangaluka, mayu!" akamwamkia mama yule kwa salamu yetu ya asubuhi, kisha akarudi kwenye mashuka yake.

Mafua hayakuja. Spika ndiyo iliyokuja, nayo haikohoi wala haiombi chai. Pamba haijaisha kuvunwa, tajiri akamwambia, "Pumzika nyumbani kwanza, mzee wangu. Nikikuhitaji nitakupigia."

Simu ile aliisubiri hata akila ugali, mkono mmoja umeishika.

Siku uvumilivu ulipomwishia, alinichukua tukaenda sokoni. Akasimama kando ya spika, akaanza kunadi. Vijana wa viatu wakaangua kicheko. "Mzee, leo mko wawili! Tumsikilize nani?" Akapandisha sauti. Tajiri, bila kumtazama, akaongeza ya spika. Mpaka jua linainama, baba mdogo alikuwa anakwaruza kama bati linaloburutwa. Yule wa kwenye spika bado alikuwa anacheka na wateja.

Ndipo spika ikarudia tena, jioni ile, "Mwangaluka, mayu!"

Mama mmoja mzee aliyekuwa akichagua nyanya akakunja goti. "Mwangaluka, baba," akaitikia, akageuka kumtafuta aliyempa salamu ya asubuhi wakati jua linazama.

Baba mdogo akavua kofia, akamsogelea. "Ni mimi, mayu. Nisamehe, salamu hiyo niliirekodi asubuhi moja."

Mama akamwangalia kwa huruma. "Si wewe, baba. Yule ana sauti nzuri."

Tukarudi nyumbani Somanda kwa miguu. Mimi, bingwa wa kutia chumvi wilaya nzima, nilitafuta hata kauongo kamoja ka kumchekesha. Sikukapata.