Cheti cha Mkwe Kilichopigwa Pasi

Saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la dobi kimeshajaa mvuke. Mwanamke wa makamo anatandaza shuka ya hoteli mezani, anainyunyizia maji kwa ncha za vidole, kisha anaishukia kwa pasi. Wenzake wanamwita Mama Pasi. Mkunjo ukimwona, wanasema, unajinyoosha wenyewe.

Ni hapa, katikati ya mvuke huu, alipoambiwa maneno ambayo hakuweza kuyabandua masikioni: kwamba mchumba wa bintiye, yule mgeni wa ng'ambo, ana mke kwao.

Aliyeyaleta ni mwenzake anayekunja shuka, wamemwita Redio tangu zamani na hajawahi kukataa. Redio hakusema amemwona huyo mke. Alisema tu kwamba kuna binti wa jamaa yake aliolewa na mgeni, na baada ya mwaka mke wa kwanza akapiga simu kuulizia mumewe. Akaongeza kwamba siku hizi cheti cha mtu asiye na ndoa kinanunuliwa kama vocha ya simu.

"Mimi sisemi ni yeye," Redio alimwambia. "Mimi nasema tu, lisemwalo lipo."

Tangu siku hiyo Mama Pasi akawa anakula bila kuonja. Ana mtoto mmoja tu, wa kike, mwoka mikate. Baba wa mtoto alifariki binti akiwa bado anatambaa, na mama akamlea kwa pasi, kwa shuka mia na zaidi kila siku, mgongo ukilia na mdomo ukinyamaza. Binti alipokua alikwenda ng'ambo kuoka mikate katika hoteli kubwa. Huko ndiko alikokutana na fundi bomba, aliyeitwa kuziba bomba la jikoni na akarudi mara tatu kuliangalia ingawa lilikuwa halivuji tena.

Mkataba wa kazi ulipokwisha, binti alirudi nyumbani na uamuzi wake. Fundi angemfuata. Wangefunga ndoa hapa, kwa msajili, mbele ya mama.

"Sikutaka kuolewa kwa kunong'ona," anasema binti. "Nilitaka mama awepo, na sheria iwepo."

Lakini mama alikuwa na Redio kichwani. Alitoa sharti: huyo mwanamume asikanyage mlango wake bila cheti cha serikali ya kwao, chenye muhuri, kinachosema hana mke. Binti alinuna siku mbili, kisha akamwandikia mchumba. Mchumba akajibu kwamba mama ana haki, hata mama yake mwenyewe angeuliza vilevile.

*

Fundi alipofika, mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Alikuwa amejifunza neno moja la heshima na akaamua kulitumia bila ubahili. Alimpa shikamoo mama, akampa mjomba, akampa na mtoto wa jirani aliyekuwa ananyonya kidole. Mtoto, kwa kuwa amelelewa vizuri, akaitikia marahaba. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kwenye uwanja wa ndege alikuwa amesema ukweli: amekuja kuoa. Afisa wa uhamiaji alimpa kibali cha mgeni cha kukaa kwa muda, akamwonya kwamba kabla muda huo haujaisha, awe ameoa kisheria au awe ameondoka.

Mama Pasi alimtazama kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe. Mwanamume hakunywa, hakupaza sauti, na siku ya pili alikutwa amelala chali chini ya sinki la jikoni, anaziba bomba. Mama akaanza kulainika, ingawa hakumwambia mtu.

Jioni, kabla ya siku ya kwenda kwa msajili, aliomba nguo za wote azinyooshe. Katika mfuko wa ndani wa koti la mkwe alikuta cheti. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimefanya makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa.

Mama huyu alisoma mpaka shule ya msingi, na anaheshimu karatasi za ofisini. Kwake yeye kupeleka karatasi ile mbele ya mkubwa ikiwa imekunjamana ilikuwa sawa na kumpeleka binti bila kuoga. Akapunguza moto. Akaweka kitambaa juu. Akaipiga pasi mbele, akaigeuza, akaipiga nyuma, ikatoka imenyooka kama kioo.

Anasema alilala na furaha.

*

Msajili wa ndoa, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikipokea cheti, akakisoma, kisha akapitisha kidole pembeni kwa chini. Akakipitisha tena. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Muhuri wa nchi ile hauna wino. Hukandamizwa kwa chuma mpaka karatasi inavimba, na ule uvimbe ndio ushahidi wake. Uvimbe haukuwepo. Msajili alisema kwa upole kwamba hapa kuna kitu kimefutwa, na kwamba mambo ya kufuta mihuri ni ya polisi.

Binti alimtazama mchumba. Mchumba aligeuka mweupe zaidi ya alivyozaliwa. Mama Pasi alikuwa ameshaelewa.

"Nimekipiga pasi," alisema.

"Umekipiga nini, mama?"

"Pasi. Kilikuwa kimekunjamana."

Karani wa meza ya pili aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Msajili alivua miwani. Alisema anamwamini mama, mkono wenyewe unaonyesha ni wa mpiga pasi. Ila imani yake si muhuri. Kiletwe cheti kingine kutoka kwao, kisha tangazo la ndoa libandikwe ubaoni kwa muda wa kisheria, asiyekubali ajitokeze.

Walipofika nje kwenye ngazi, binti hakupiga kelele. Mama anasema afadhali angepiga.

"Sema tu ulitaka hivi," binti alisema. "Redio amekujaza, ukashindwa kunikataza kwa mdomo, ukatumia pasi."

"Mwanangu..."

"Nyumba nzima inajua hujampenda."

Wakarudi nyumbani. Binti akahamishia godoro lake kwa rafiki yake, karibu na duka la mikate alikopata kazi.

Cheti kipya kingechukua muda mrefu kuliko uliobaki kwenye kibali. Mjomba, kaka yake Mama Pasi, alikuja na dawa yake. Alimjua kijana mmoja anayegonga mihuri ya nchi yoyote, hata ambayo haijapata uhuru. Muhuri ungekaa hapo hapo ulipokuwa, msajili angekipapasa na kuridhika.

Mama anakiri kwamba alitikisika. Kosa lilikuwa lake, na hapa kulikuwa na mtu wa kulifuta kabla kibali hakijaisha. Alikitoa cheti kwenye kabati, akakifunga kwenye khanga, akavaa viatu.

Mkwe ndiye aliyesimama mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku hiyo kilimtosha.

"Mama, mimi nataka mke," alisema. "Sitaki jela. Naenda, narudi."

Akaondoka kabla kibali hakijaisha, mchana kweupe, na binti akimsindikiza. Mama hakualikwa.

*

Hapo ndipo mtaa ulipopata chakula. Amekwenda zake. Amemrudia mkewe. Mama Pasi aliingia kazini akakuta wanaopiga soga wanakohoa. Redio alikunja shuka tatu, akasema haya, si nilisema.

Mama Pasi aliweka pasi kwenye kigae chake.

"Ulisema umesikia," alimjibu. "Mimi mtu yule amelala chini ya sinki langu, nimemwona. Akirudi utakula keki. Asiporudi nitakwambia mwenyewe, usinisaidie."

Redio hakujibu, jambo ambalo kwenye duka lile la dobi lilizungumzwa wiki nzima.

Tangu hapo mama akawa anamngoja mkwe kuliko hata binti anavyomngoja. Alipeleka salamu kwa binti kila siku kupitia kwa mwenye duka hilo la mikate. Binti alizipokea, hakuzirudisha.

Safari hii fundi aliomba kibali cha mchumba kabla ya kupanda ndege, akakipata. Na hakuja peke yake. Alitokea uwanjani na mama yake mzazi, bibi mfupi mwenye mabega mapana, amekumbatia mbao mbili nyembamba zilizofungwa kwa utepe. Katikati ya mbao hizo kulikuwa na cheti. Bibi alikilaza mapajani njia nzima na kukataa kukiweka hata juu ya kiti.

Mama Pasi alinyoosha mikono kumpokea mzigo. Bibi akarudi nyuma hatua moja, akasema kitu. Fundi akawa mwekundu.

"Anasema samahani sana," alitafsiri, "lakini wewe usiguse."

Mama Pasi ndiye aliyeanza kucheka. Binti, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo, alijaribu kujizuia, akashindwa.

Njiani mama alikusanya moyo. Alimwomba binti amuulizie bibi yule, mama kwa mama, kama kijana ana mke. Bibi aliposikia alicheka mpaka machozi.

"Angekuwa na mke," alijibu, "mimi ningekuwa namfulia soksi mpaka leo?"

*

Tangazo lilibandikwa ubaoni, likakaa muda wake. Siku ya ndoa chumba cha msajili kilijaa mpaka dirishani. Redio alikuja na gauni la maua, akakaa mstari wa mbele. Msajili alipapasa pembe ya cheti, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Watu wote walimgeukia Redio. Redio akamgeukia Mama Pasi. Mama Pasi alikuwa anamtazama bintiye.

"Endelea, mheshimiwa," alisema mjomba, "kabla ndege haijaita tena."

Zilipofika saini za mashahidi, mama alikaa kitini kwake, maana hakutegemea kuitwa. Upande wa bwana aliitwa bibi. Upande wa bibi harusi, binti alisema jina la mama yake kamili, lile la shuleni, ambalo hata wenzake wa dobi hawalijui.

Alikwenda. Aliandika polepole, herufi moja moja, kama walivyofundishwa darasani. Binti alimshika kiwiko mpaka herufi ya mwisho, na alipomaliza hakukiachia.

"Unakuja kulala nyumbani leo?" mama alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Leo nina mume, mama," binti alisema. "Kesho tunakuja wote kula."

Sasa fundi ana kibali cha ukaazi cha mume wa raia na amepata kazi ya bomba kwenye majengo mapya. Chumba cha mbele cha nyumba kinageuzwa kuwa duka la mikate. Tanuri limeshawekwa, maji yameshavutwa. Mama Pasi anasema kazi ya dobi ataiacha mwaka ujao akae kwenye kaunta, avae aproni iliyonyooka, awauzie watu mkate wa moto.

Kwa wazazi wenzake ambao watoto wao wameleta mchumba wa ng'ambo, ameomba yaandikwe haya:

Usimfiche mgeni uwanjani. Aseme alichokujia.

Usikubali afike kama mtalii ikiwa kibali cha mchumba kipo. Ombeni hicho kwanza.

Usikubali maneno ya mtaa bila cheti, na usikubali cheti bila kukipeleka kwa msajili.

Usikunje karatasi ya serikali, usiifue, usiipige pasi.

Usimpe mtu wa mihuri ya haraka hata nauli.

Usipitishe siku ya kibali. Afadhali aondoke na arudi.

Una swali kwa mkwe, muulize mkwe au mama yake.

Na usimwache mwanao aende kwa msajili peke yake kwa sababu umenuna. Siku ile ni moja.