Huko Juu Kukavu

Baba mkwe wangu hakuwahi kuniuliza hali ya hewa ya kwetu. Ya kwetu aliiona mwenyewe kwa kuinua uso. Alichotaka kujua kila asubuhi ni hali ya hewa ya Morogoro, mji ambao hakuwahi kufika.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Fukayosi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mke niliyemwoa hapo hapo kijijini, mtoto wa miezi minane, na redio. Mkwe alikuwa na shamba la mahindi bondeni, kando ya Mto Ruvu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mto huo unaanzia milima ya Uluguru, na mvua ikinyesha huko, maji huchukua siku kadhaa kutufikia. Mbingu za kwetu zinaweza kuwa nyeupe kabisa na mto ukafurika. Jambo hilo nilikuwa nikiwachorea watoto wa darasa la sita ubaoni kwa chaki za rangi. Mkwe hakusoma, yeye alihesabu kwa vidole: siku ya kwanza mvua iko kwao, ya pili na ya tatu iko njiani, ya nne iko miguuni pangu.

Redio ilitoa hali ya hewa jioni, baada ya taarifa ya habari. Asubuhi mkwe alikuja kuchukua majibu. Hakuingia ndani, kwani baba mkwe wa kule haingii ovyo nyumba ya mkwewe. Alisimama nje ya ua wa makuti, akakohoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Wamesemaje huko juu?"

"Huko juu kukavu."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda zake.

Mwaka huo vuli ilikwisha mapema na joto likaanza kutuchoma kabla ya wakati. Mahindi yalikuwa yamekomaa, yalihitaji wiki moja tu ya kukaukia shambani. Kila siku mkwe aliamua upya: ayavune mabichi ayaanike nyumbani, ambako yangeota ukungu nusu yake, au ayaache yakauke kwenye mabua. Mama mkwe alikuwa amehamia bondeni, analala kwenye dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia nguruwe.

Jumapili ya wiki hiyo nilikaa na walimu wenzangu tukasikiliza mpira, kisha muziki wa dansi mpaka betri zikafa. Duka la ushirika halikuwa na betri. Mwalimu mkuu alikuwa na redio, nyumba yake hatua hamsini kutoka kwangu, lakini tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya ratiba ya zamu. Sikwenda.

Jumatatu asubuhi nilisikia kikohozi nje ya ua. Ningeweza kusema, baba, jana sikusikiliza. Maneno matatu tu. Niliona aibu mkwe ajue kwamba betri zimeishia kwenye muziki.

"Huko juu kukavu," nikasema.

Jumanne nikasema tena, na safari hii sikusitasita. Jumatano, Mungu anisamehe, niliipamba. Nilikaza sauti kama mtangazaji: "Morogoro, mawingu kiasi na vipindi virefu vya jua. Joto nyuzi ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa!" Mkwe alifurahi sana. "Wewe ndiye mkwe. Wenzangu wamepata wakwe wa kuwalia wali tu."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto mgongoni.

"Basi na mimi niende kwa mama," alisema. "Nguruwe wanamhangaisha peke yake. Nitalala siku mbili."

Nilikuwa na nafasi nyingine pale. Baba yake alikuwa bado hajaondoka, anasubiri nimpe ruhusa mwanawe. Nikasema nendeni.

Alhamisi asubuhi mkwe hakuja, zile nyuzi zilikuwa zimemtosha. Wakati wa mapumziko ya saa nne na nusu nilikwenda dukani kuulizia betri. Nje palikuwa na lori limeganda matope mekundu mpaka kwenye madirisha, na dereva anayabandua kwa kijiti.

"Matope hayo umeyaokota wapi na huku vumbi tupu?" nilimtania.

"Usinicheke, mwalimu. Natoka Morogoro. Huko mbingu zimetoboka tangu Jumatatu. Nimelala njiani usiku mzima kama kuku."

Nilihesabu kwa vidole kama mkwe. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Cha nne kilikuwa leo.

Sikurudi darasani. Mkwe nilimkuta barazani kwake ananoa panga.

"Baba, twende mtoni. Mvua inanyesha Morogoro, tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu?" Alisimama. "Si jana tu umeniambia ishirini na tisa?"

"Redio ilikosea, baba."

Alichukua upondo wake wa kuendeshea mtumbwi, akatangulia. Alikuwa mtu wa miaka sitini na zaidi, na mimi kijana nilishindwa kumfikia. Njia nzima jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu. Nilijipa moyo kwamba dereva ametia chumvi. Kisha tukatokea ukingoni.

Shamba lilikuwa katikati ya mto na mkondo wa zamani uliokauka miaka mingi. Sasa mkondo ule ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakwenda kwa kasi na mapovu na magogo, na upande wa pili mahindi yalionekana vichwa tu. Dungu lilikuwa limesimama katikati ya maji. Juu yake niliona kanga mbili. Mtoto sikumwona.

Mkwe alifungua mtumbwi tukaingia. Mara mbili maji yalitusukuma chini tukashika matawi na kuanza upya. Tulipokaribia nikasikia mtoto analia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu kuliko muziki wote nilioumalizia betri.

Nguzo za dungu zilikuwa zinatikisika. Mkwe alichomeka upondo akaushikilia kwa mikono miwili ili mtumbwi usiondoke. Mimi nikasimama, nikampokea mtoto, nikampokea mke wangu. Akabaki mama mkwe. Nikamnyooshea mikono.

"Asinishike!" alipiga kelele. "Mkwe wangu anishike mwilini? Mchana huu?"

"Mwanamke wewe," mumewe alisema kwa hasira, "nani anakuona? Kambale?"

"Mungu ananiona. Njoo wewe."

"Nikiuacha huu upondo tunakwenda wote baharini!"

Nguzo moja ikakatika, dungu likainama. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga.

"Geuka basi," aliniambia. "Usinitazame."

Niligeuka, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. Alinikanyaga begani, kisha mgongoni, akashuka. Nilikuwa nimeyatazama yale maji mekundu, na nikajua vizuri kwamba mama wa watu amelazimika kuvunja heshima yake juu ya mgongo wa mwongo.

Mahindi yalikwenda yote. Jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa barazani kwa mkwe kutoa pole, na kila mtu aliitukana redio. Mtangazaji aliitwa mlevi, akaitwa mwizi. Mkwe alikuwa mkali kuliko wote. "Nyuzi ishirini na tisa!" alirudia. "Mtu mzima anakaa Dar es Salaam, ana shati na tai, anatudanganya sisi!" Mimi nilikaa pale, nikatikisa kichwa pamoja nao.

Nyumbani mke wangu alikuwa anamkausha mtoto nywele.

"Nilijua betri zimekwisha," alisema. "Nilijua tangu Jumapili. Nilidhani unakwenda kusikiliza kwa mwalimu mkuu."

"Ndiyo. Nilikwenda."

Hakuniuliza tena.

Mkwe aliacha kuja asubuhi. Miezi ile ya joto walikula mihogo, na mimi nikawapelekea unga kila nilipopata, wakaniombea dua. Akapanda mpunga bondeni. Masika yakaanza, na safari hii walihamia huko wote, yeye na mama mkwe, na wajukuu wawili, watoto wa shemeji yangu. Betri nilikuwa nazo. Jioni moja mtangazaji akasema mvua kubwa, Morogoro na milima yake, na wa mabondeni wachukue tahadhari. Kesho yake akasema tena.

Nilikwenda bondeni alfajiri. Mkwe alikuwa anazibua mfereji.

"Baba, ondokeni. Redio imesema mvua kubwa huko juu."

Alicheka. "Wale? Wale waongo wa nyuzi? Mwalimu, mpunga wangu unataka palizi. Nenda kafundishe."

"Safari hii ni kweli."

"Na ile ilikuwa nini?"

Wajukuu walikuwa wanacheza nyuma yake kwenye tope. Mto bado ulikuwa chini, mtulivu kabisa. Nilimwambia, "Ile haikuwa ya redio. Redio yangu haikuwa na betri. Siku zile tatu sikusikiliza kitu. Niliyatunga mwenyewe."

Nilisubiri anipige, na ningefurahi. Alichomeka jembe ardhini.

"Na hizo nyuzi?"

"Na hizo."

Akageuka akamwita mkewe. "Fungeni mizigo. Watoto kwanza."

Maji yalifika siku ya pili yake na hayakumkuta mtu. Mpunga ulilala, ukasimama tena, wakavuna. Hakumwambia yeyote nilichomwambia, wala binti yake. Najua kwa sababu binti yake alilisikia kwangu mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, wakati baba yake keshazikwa, na alilia kama mtu anayepata habari mpya.

Baada ya masika hayo mkwe akaanza tena kutoka asubuhi kuulizia Morogoro. Alipita mbele ya ua wangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama, akaenda kukohoa nje ya nyumba ya mwalimu mkuu. Kutoka kwangu nilisikia kila neno walilosema.