Ghorofa Aliyoipima Mzee Masolwa kwa Masikio

Nyumbani kwa Levina, mshonaji wa mtaa wa Cheyo, ngazi ilikuwa mpaka. Chini aliishi baba mkwe wake, Mzee Masolwa. Juu aliishi yeye, kwenye ghorofa waliyoijenga na marehemu mumewe, Festo. Miaka tisa mzee hajakanyaga ngazi ile. Baba mkwe aingie alalako mke wa mwanawe? Thubutu!

Shida ni kwamba kiwanja kilikuwa na jina la mzee peke yake. Siku akifumba macho, wanawe wengine wangegawana nyumba nzima, na Levina angejikuta barabarani na cherehani yake. Sheria inaruhusu ghorofa ya juu kupata hati yake, mbali na ya chini, na mzee alikubali bila kinyongo. Ila huyu mzee alipanga madaraja ya tumbaku Urambo miaka thelathini, na hakupata kusaini robota ambalo hajatia mkono ndani.

"Nisichokihakiki sikisaini," alimwambia Awadhi, mpima ardhi aliyemletea ramani ya ghorofa asaini.

"Basi panda ukahakiki, mzee wangu."

"Chumbani kwa mkwe wangu? Kijana, una akili timamu kweli?"

Awadhi akaanza kukunja ramani. Levina akaingiwa na hofu ya kweli, hati inapotea hivi hivi kwa ajili ya heshima.

"Baba," akasema, "nitatembea huko juu kando ya kuta. Wewe nifuate huku chini."

Akavaa viatu vyake vya kanisani, akapanda. Mzee akafuata mlio wa visigino, shingo juu, akichora sakafuni kwa chaki.

"Hapa cherehani, inaanza kabla jogoo hajawika. Hapa jikoni. Hapa anapiga magoti kusali."

Awadhi akalinganisha na ramani yake. Hakuona tofauti. Mzee akasimama kwenye kona ya mwisho.

"Na hapa? Miaka minne sisikii kitu. Hata leo hujapita."

"Ni chumba chetu, baba," Levina akasema kutoka juu ya ngazi. "Tangu Festo atutoke nalala sebuleni. Siwezi kuingia."

Mzee akainua uso kuelekea juu.

"Ingia, mwanangu. Nacho nataka kiwe chako."

Mlango ukalia. Visigino vikasikika, polepole, vikazunguka kuta zote nne. Mzee akachora mstari wa mwisho, kisha akaomba kalamu.